Ulipita Nyuma ya Nyumba Yangu na Polo Mugongoni

Mama Polo,

Wanasema wafu wanasikia. Kama ni kweli, leo usigeuze uso. Nilitaka kukuandikia tangu matanga, mukono ukakataa. Niliogopa nitakutukana, na wewe bado uko mupya mu udongo.

Papa Polo amekonda, lakini anaenda kazi ku plantasio. Kisha kukuzika, wewe na ule mutoto uliyekufa naye mu uzazi, aliniletea sanduku yako ya dawa na vile vitabu viwili. Akasema, «Mama Feresita, hizi ni zako. Yeye alikuwa anakuita mwanafunzi wake.» Nililia sana. Kumbe nilikuwa sijajua kitu.

Unakumbuka namna ulinifundisha? Mi niko natikisa kibuyu ya maziwa, siagi inaanza kushikana, wewe uko unafungua vitabu ya Madamu muzungu uliyemufanyia kazi, vile alikuachia wakati alirudi kwao, unageuza Kifaransa kwa Kiswahili. Siku moja ulikata kitunguu mbele yangu mpaka machozi yakatutoka, pua zikachuruzika. Ukasema, «Umeona? Kitu yenye inasumbua muntu muzima namna hii, ukiipunguza na maji, ukaipunguza tena mpaka haiumizi, njo inaponya mwenye mafua ya namna hii.» Nikakuuliza, «Basi mwenye kulewa tumuongeze pombe ya kasiksi? Bwana yangu atapenda munganga wa vile!» Ulinipiga na kitambaa, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Kitabu ya kwanza ilisema tabia ya kila dawa kama unasimulia muntu: huyu anaogopa radi, huyu anataka kubebwa, huyu analia ukimuangalia. Ya pili ilikuwa ya kutafuta. Unaanza na alama za mugonjwa: inauma upande gani, asubuhi ao jioni, anataka joto ao baridi, anakataa chakula gani. Kila alama iko na majina ya dawa, na wewe unatafuta jina yenye kurudi mu alama zote. Dawa moja tu. Halafu kungoja. «Kungoja njo kazi ngumu,» uliniambia. Na mi, muntu wa wasiwasi, nilijifunza kungoja juu yako.

Halafu sikio ya Feresita ikaanza kuuma.

Ulimuuliza polepole, unamushika mukono. Ukaona anasukuma maziwa. Mutoto wa huku Burungu, amezaliwa kati ya ng'ombe, anakataa maziwa! Ukasema hiyo ni alama kubwa, ukaitafuta mu kitabu, na hiyo njo ilichagua dawa. Ukamuwekea vile vidonge vidogo ku ulimi.

Kumbe mutoto hakukataa. Mama mukwe wangu njo alimukataza. Kwetu mwenye usaha mu mwili hanywi maziwa, sababu kiwele ya ng'ombe itaugua. Wewe ni muntu wa pori, wa Hombo, kwenye hakuna ng'ombe, ungejuaje? Na mi mwenye kujua, sikufikiri. Siwezi kukuhukumu juu ya ile. Lakini Feresita aliponiambia, nilikuja mbio kwako. Ulikuwa unaanika mihogo. Nilikueleza, na uso wako ulibadilika, Mama Polo. Niliuona. Uliokota kipande ya muhogo, ukakirudisha pahali pake, ukasema, «Tusichanganye mambo. Ngoja. Ukimupeleka ku opitali, sindano itaharibu kazi ya dawa.»

Nikangoja.

Mama mukwe aligomba, bwana yangu aligomba, mi nikawajibu wote na maneno yako. Mutoto alilia mpaka sauti ikaisha. Sikio ikapasuka, usaha ikatoka, homa ikashuka, nikakushukuru. Nilikuletea siagi! Na leo upande ule hasikii kitu.

Ile nayo nilikuwa nimeimeza. Nilisema, tulijaribu wote wawili, Mungu hakupenda. Lakini mu matanga yako mudogo wako alikuja kutoka Hombo, tukakaa pamoja kumenya ndizi. Alikuwa anakusifu. «Dada alipenda mutoto wake! Sikio ya Polo ilipouma, mi nilikuwa hapa namutembelea. Alimubeba mugongoni mpaka opitali ya misioni, wakamupiga sindano, akapona. Tulipita huku nyuma, mu mashamba ya maharagi. Nilimuambia, dada, barabara iko kule, yeye anasema tupite tu huku. Ni wakati ule mutoto wa jirani naye alikuwa anaumwa, ule mwenye hasikii vizuri.»

Hakujua ule jirani ni mimi. Niliendelea kumenya.

Mashamba ya maharagi iko nyuma ya jikoni yangu. Mi nilikuwa mule ndani, nangoja. Ungepiga ukuta na ngumi, ningetoka. Ungesema tu, «Mama Feresita, mi naogopa, kitabu imenishinda, beba mutoto wako.» Singekucheka. Ningekupenda zaidi. Uliogopa haya mbele yangu? Mbele yangu mimi, mwenye kusoma katekisimu na kidole?

Sasa wamama wanakuja kwangu, wanaulizia sanduku. Juma hii Mama Bahati alileta mutoto wake mudogo, anashika sikio, analia. Nilimuuliza maswali yote namna ulinifundisha, sababu kuuliza muntu vizuri ni kitu kizuri, na hiyo sitaiacha. Halafu nikafunga sanduku. Tulienda opitali pamoja, kwa barabara, kila muntu anatuona. Jana nimerudisha sanduku na vitabu kwa Papa Polo.

Polo anakula kwangu kila siku. Hajui kitu, na kinywa yangu haitamuambia. Jana nilikuwa nawatazama wakitoka kisimani, yeye na Feresita. Polo alihama kutoka kushoto akaenda kuume, upande wa sikio nzima, halafu njo akaanza kusema. Hakuna muntu alimufundisha vile.

Nitamulisha, nitamuvika, nitamupeleka masomo kama wangu. Hiyo naahidi, na wewe unajua mi sisemi bure. Lakini kukusamehe, bado. Usinisukume. Lala, Mama Polo. Musamaha ikija, nitakuja mwenyewe ku kaburi kukuambia.

Mama Feresita