Picha Zinazosubiri Mlangoni

Kamachumu, Muleba
5 Agosti 2024

Mwanangu Kemilembe,

Habari za Kitendaguro? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukifungua kompyuta? Mimi sijambo. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo majirani hawasikilizi tena redio, wananiuliza mimi. Kuku ni wazima. Migomba imenyauka kidogo, lakini hiyo haijawahi kuwa habari mwezi wa nane.

Kaka yangu, yaani baba yako, alikuja juzi. Alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akatafuna punje za kahawa, akasema afya yake ni nzuri, kisha akatoa lililomleta. Anasema umemaliza chuo, rafiki yake wa Mwanza amekuwekea nafasi ofisini kwake, nawe umejifungia chumbani hapo Bukoba unatengeneza injini. Nikamuuliza injini ya nini. Akasema hata yeye ndicho anachouliza. Mafundi injini wote ninaowajua wana mafuta hadi kwenye kola. Wewe nilipokuona mara ya mwisho mikono yako ilikuwa ya karani wa parokia.

Neno lake ni hili, na ameniagiza mimi kwa sababu maneno magumu ya ukoo huu hupitia kwa shangazi. Anakupa hadi Krismasi. Umwonyeshe kitu kimoja ulichotengeneza, kinachoonekana kwa macho. La sivyo, Januari unapanda meli kwenda Mwanza.

Na mimi nina langu. Unaukumbuka ule ukurasa ambao Apolinary, katekista wetu, aliuweka mtandaoni wenye picha za Jubilei ya parokia? Siku ile, mwisho wa sherehe, baba yako alicheza ngoma, kofia mkononi, mbele ya mapadre. Nilimwona. Yeye anakana, anasema alikuwa ameshaondoka. Apolinary anasema picha ipo, ni ya mwisho kabisa chini. Lakini nikifungua, picha zote zinataka kuingia kwenye simu kwa mkupuo, na bando linakatika nikiwa bado kwa wanakwaya. Nimewaangalia wanakwaya mwaka mzima. Wengine siwataki tena.

Barua hii anakuletea Avit wa pikapu ya ndizi. Usimpe jibu la mdomo, atalitia chumvi.

Shangazi yako,
Benigna


Kitendaguro, Bukoba
11 Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, pole ya goti. Avit ameniambia kwa mdomo kwamba umeanguka kisimani, ndipo nikaamini ulichosema juu yake.

Injini yangu haina mafuta wala moshi. Ukifungua ukurasa kwenye simu, unaufungua kwa programu iitwayo kivinjari. Ndani yake kuna injini inayosoma maagizo ya aliyeuandika ukurasa na kuyatekeleza: kichwa cha habari kikae hapa, picha ikae pale, hiki kiwe kijani. Injini nyingi zina matajiri wake. Yetu ni ya chanzo huria, maana yake msimbo wake uko wazi, na yeyote duniani anaweza kuusoma na kuleta marekebisho. Tuko wengi, na wengi wetu hatujawahi kuonana.

Bado ni changa, lakini inakua kwa kasi. Mwaka jana ukiipa jedwali ililimwaga kama maharage. Mwaka huu inalipanga. Imejifunza kugeuza kurasa ziwe na rangi za giza kwa wenye macho yanayochoka. Imejifunza kuandika Kiarabu kutoka kulia. Tangu Juni inakaa hata kwenye simu ndogo za zamani kama yako, ambazo vivinjari vikubwa vimeshazikataa. Kila mwezi hutoka taarifa ya yaliyoongezeka, nami huisoma kama baba anavyosoma bei ya kahawa.

Sehemu yangu ni kuzifundisha picha kusubiri. Ukurasa ukiwa na picha nyingi, injini izishike nje, iite moja moja msomaji anapozikaribia. Usiposhuka hadi kwake, picha haiji, na bando lako linabaki. Vivinjari vikubwa vinalijua hilo siku nyingi, chetu bado. Nikikubaliwa, itaingia kwenye toleo la Novemba, na jina langu litaandikwa kwenye taarifa.

Tatizo nimeliona, usinicheke. Baba anataka kitu kinachoonekana, nami natengeneza picha zisionekane.

Mwanao,
Kemilembe


Kamachumu, Muleba
25 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti halijambo, na kisima sijakikaribia.

Nimeelewa. Picha ni wageni na wewe ni mtu wa mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yangu katika ukoo huu tangu nilipoota meno ya ukubwani. Mwezi ujao watu wa kijana anayemtaka Annastella, mdogo wako, wanakuja kujitambulisha, na kiti changu nimeshakichagua.

Baba yako nimemweleza kama ulivyonieleza. Akauliza, "Kwa hiyo anatengeneza kitu ili kitu kisije?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba rubisi nyingine.

Shangazi yako,
Benigna


Kitendaguro, Bukoba
30 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilipeleka kazi yangu. Anayekagua sehemu hiyo simjui sura. Mahali pa picha yake ameweka bata. Bata huyo ameirudisha na maoni marefu kuliko kazi yenyewe. Anasema naita picha kwa kuchelewa, msomaji anafika anakuta pengo. Sikuitengea picha nafasi yake, kwa hiyo ikiingia maandishi yanaruka. Mtu akitaka kuuchapisha ukurasa kwenye karatasi, picha ambazo hajazifikia zinatoka tupu. Majaribio hayatoshi. Hakuna mahali aliponisifu.

Nikafanya nilivyolelewa. Mkubwa akinikosoa, sijibizani naye. Nilimshukuru kwa muda wake, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikaifunga kazi yangu na kuiondoa. Baadaye akaandika maneno mawili tu: "Kwa nini?" Sijamjibu. Nimeona aibu.

Mwambie baba nitaanza kufua nguo za kwenda Mwanza. Na unisamehe kwa kutofika siku ya watu wa Annastella. Sikuwa na uso wa kuonyesha watu.

Mwanao,
Kemilembe


Kamachumu, Muleba
8 Oktoba 2024

Kemilembe mwanangu,

Salamu tumezimaliza siku nyingine, leo naingia moja kwa moja kwenye neno.

Nikueleze ya Annastella, maana hukuwepo. Watu wa kijana walifika asubuhi, mashati yamepigwa pasi hadi yanasimama yenyewe. Nikawasimamisha mlangoni. Msemaji wao, mzee Byarugaba, akasalimia huku bado ameshika mwavuli. Nikawarudisha hadi barabarani. Wakaja tena, mwavuli wameuacha kwenye migomba. Nikaangalia kibuyu cha rubisi: mdomo wameuziba kwa mfuko wa plastiki badala ya jani. Nikawarudisha. Wakaja tena, jani lipo, lakini kijana mwenyewe ametangulia mbele ya wazee wake kama mwenge wa uhuru. Wakarudi tena barabarani.

Kijana alikuwa analowa jasho. Nikamsikia akimnong'oneza msemaji wake, "Baba, hawa hawanitaki." Mzee Byarugaba hata hakugeuka. Akamwambia, "Nyamaza. Hapa tumeshapata mke."

Alijuaje? Nikukumbushe wale wa mwaka juzi, waliotumwa na yule kijana tusiyemtaka. Wale walikosea kuliko hawa. Mmoja aliingia anaongea na simu. Hatukuwarudisha hata mara moja. Tuliwapa chai na maandazi, tukasifu viatu vyao, tukawasindikiza hadi kwenye gari, na hawakutuona tena. Nani apoteze pumzi kumsahihisha mtu ambaye hatakuwa wa nyumbani?

Sasa huyo Bata wako. Amechukua kazi ya mtu asiyemjua, ameisoma mstari kwa mstari, amemfikiria hata yule mmoja anayetaka kuchapisha kwenye karatasi. Wewe umefika mlangoni, umeambiwa weka mwavuli chini, ukabeba kibuyu chako ukaondoka. Yeye amebaki kwenye kiti chake anauliza kwa nini. Na mimi kama ningekuwa Bata ningeuliza hivyo hivyo.

Weka mwavuli chini, urudi.

Na hilo la kuchelewa kuita, amesema kweli. Mimi wageni huwaita nikisikia sufuria zinaepuliwa, ili wakae pamoja na chakula. Wewe ulikuwa unawaita watu wameshanawa.

Shangazi yako,
Benigna


Kitendaguro, Bukoba
16 Novemba 2024

Shangazi yangu wa mlangoni,

Shikamoo, shikamoo tena. Mimi ni mzima wa mwili na wa kila kitu.

Nilimwandikia Bata. Nikamweleza habari ya mwavuli na kibuyu, nikamwomba aifungue tena kazi yangu. Akajibu kwamba siku zote hizo alidhani amenitukana bila kujua, na alikuwa anatafuta namna ya kuniomba radhi. Kisha, bila kupumzika, akaongeza kosa jingine alilokuwa amelisahau.

Nikarekebisha, akairudisha. Nikarekebisha, akairudisha. Safari hii kila alipoirudisha nilicheka peke yangu. Picha sasa naziita sufuria zikiepuliwa, na Bata ameandika kwamba kipimo hicho kinafaa, ingawa amenikataza kuweka sufuria kwenye maelezo ya msimbo.

Imekubaliwa, shangazi. Imo kwenye toleo la Novemba, na jina langu liko kwenye taarifa. Asubuhi nilipoona, nilitoka uani nikapiga vigelegele. Mwenye nyumba wangu akadhani senene wameanguka, wale panzi wa kukaanga, akatoka mbio na ndoo. Ilibidi nimsaidie kutafuta senene ambao hawakuwepo.

Sasa sikiliza. Kivinjari chenye injini mpya nimekiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, Avit anajua kuipachika kwenye simu yako. Apolinary nimemwomba aongeze agizo dogo kwenye kila picha ya ukurasa wake, ili injini ijue kwamba ni picha ya kusubiri. Ameshaongeza. Aliniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya maendeleo.

Mwanao,
Kemilembe


Kamachumu, Muleba
15 Desemba 2024

Mwanangu Kemilembe,

Tumshukuru Mungu, wote wazima. Goti limenyamaza kabisa, nadhani na lenyewe lilitaka kusikiliza.

Leo baada ya misa nilimwomba baba yako abaki nami pale nje ya kanisa, mahali pekee ambapo simu yangu inapata mtandao. Nikamfungulia ukurasa, nikampa simu, nikasema, "Anayeshusha ni wewe. Kazi ya mtoto wako ndiyo hiyo." Akavaa miwani. Akashusha kidogo, picha ikafika. Akashusha, nyingine ikafika. Akasimamisha kidole, na zenyewe zikasimama. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Zinaniangalia." Nikamwambia zinakusubiri.

Basi hapo akawa mtoto. Anashusha haraka ili awahi kabla ya picha, anakuta picha imeshakaa. Tukawapita wanakwaya. Mwanangu, mwaka mzima sijawahi kuwapita wanakwaya. Huko nyuma yao kumbe kulikuwa na dunia nzima: wapishi na masufuria yao, watoto wenye soda, jirani yetu Alistidia amelala kwenye mkeka na kiatu kimoja. Watu wakaanza kukusanyika kuangalia. Bando lipo. Baba yako anawaelekeza watu kwa kidole, anasema hii ni injini, mtoto wake ameitengeneza, mtu asiguse.

Kwa furaha hiyo akasahau ukurasa unaishia wapi.

Picha ya mwisho ikaingia taratibu, kwa heshima. Kofia iko juu, mguu mmoja hewani, mdomo wazi hadi magego. Padre anapiga makofi nyuma yake. Watu wote wakainua macho kumtazama. Apolinary akapatwa na kikohozi.

Baba yako akaisogeza karibu na miwani. Kisha akasema, "Huyu mtu anajua kucheza." Akanirudishia simu.

Tulipokuwa tunateremka, akasema atampigia mwenyewe rafiki yake wa Mwanza, nafasi hiyo ampe mtoto wa mtu mwingine. Alitembea kidogo, akasimama kwenye shamba la kahawa la Dativa, akanigeukia. Haya ndiyo maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie huyo fundi, ile picha ya mwisho, haiwezi kusubiri mlangoni milele?"

Ni mara ya kwanza kukuita fundi. Nimeona nikuwahishie.

Shangazi yako,
Benigna


Kitendaguro, Bukoba
18 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na kwa baba shikamoo yenye heshima zote. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hii mpe baba aisome mwenyewe.

Ombi lake limenifikia, nami nimelikagua mstari kwa mstari. Nalirudisha na maoni haya. Limekuja kwa mdomo wa mtu mwingine, wakati mwombaji ana miguu, na picha inathibitisha. Halikuja na kibuyu. Linaomba kitu kisionekane, ilhali ni mwombaji huyu huyu aliyetaka kuonyeshwa kitu kinachoonekana kwa macho. Na majaribio hayatoshi: ngoma moja haitoshi kwa ukaguzi. Itabidi aicheze tena siku ya harusi ya Annastella, kofia mkononi, mbele ya mkaguzi, ili tulinganishe.

Arekebishe, kisha arudi. Atanikuta nimekaa mlangoni.

Binti yenu,
Kemilembe