Kipaza, leo mwanao anapanda jukwaani

Mwaka umetimia tangu utuache, Mama, na leo nyumba yetu haikaliki! Huyu anatafuta pini, yule anapiga pasi, Baba anaulizia viatu ambavyo ameshavivaa. Jioni hii tamthilia yako inarudi jukwaani, na nafasi yako anaishika kitindamimba wako.

Tuseme nafasi zako. Nani mwingine alikuwa bibi harusi, mwenye nyumba na mlinzi wa getini ndani ya onyesho moja? Ulibadilisha nguo nyuma ya pazia huku unaimba, ili watazamaji wasipoe. Walikuita Kipaza kwa sababu sauti yako haikuhitaji mashine. Baba, fundi cherehani wako, alikushonea magauni yanayofunguka kwa mvuto mmoja. Na siku ile uliyotoka na shela la bibi harusi ukasahau kubandua masharubu ya mlinzi! Watu walivunjika mbavu. Wewe wala hukutetereka. Uliimba wimbo wote wa harusi kwa sauti nyororo, masharubu yakicheza. Tangu hapo mwongozaji akakukataza kuyabandua.

Nyumbani ulikuwa yuleyule. Ulitugombeza kwa sauti za watu watatu, tukashindwa kununa. Lakini jirani akifiwa ulitangulia kufika, ukakaa naye, na hapo hukutania mtu. Pengo lako linatuuma, Mama.

Kikundi kilimbembeleza sana kitindamimba wako, naye akagoma. "Mimi siwezi kuwa Mama." Bibi, mama mkwe wako, uvumilivu ukamwisha: "Nani kakutuma uwe mama yako? Nenda kaimbe, mtoto wewe!" Akaenda.

Kwenye mazoezi ya Alhamisi akasahau maneno yako. Mara akaanza kumwigiza Baba anavyosinzia kwenye cherehani, kisha anakurupuka: "Sijalala mimi, nautafakari mshono!" Hayo hayamo kwenye tamthilia, na wewe hukuwahi kuyasema. Baba, ambaye hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tukuzike, alicheka mpaka akaomba maji.

Bango la leo lina jina lake, Mama, si lako. Ungekuwepo, ungelipigia vigelegele kutushinda sote.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, mama mkwe wako, dada zako, wajukuu na kikundi chako kizima. Hutatutoka moyoni, leo na siku zote.