Sulisuli wa Baba

Dada Yesenia, kaa chini kwanza. Baba, ambaye hajawahi kuvua hata dagaa, kakodi boti ya uvuvi kule bandarini Quepos. Tayari amealika ukoo mzima Jumapili, waje kula samaki aina ya sulisuli atakayemvua. Ukoo mzima, pamoja na mama mkwe wake.

Leo kampigia nahodha, simu iko kwenye spika.

"Kapteni Olger, uje na barafu ya kutosha."

"Barafu ya nini, don Evelio? Sulisuli tunamrudisha baharini. Ni sheria."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa mkubwa. Na kumpandisha botini upige naye picha, hakuruhusiwi."

Baba akaiweka simu chini kama mfiwa. Mama akauliza kwa upole, "Sasa mama yangu atakula nini?"

"Kuku," akasema Baba. "Samaki nitamsimulia."