Kifungo cha Pili

Morioka, 9 Februari

Masumi mwenzangu,

Mimi mzima, theluji imefika dirishani, na paka bado ananidharau.

Jumapili kikundi chetu cha kusoma manga za yuri, zile katuni za wasichana wanaopendana, kiligombana. Katika hadithi ya mwezi huu, siku ya kuhitimu shule, msichana aitwaye Nao anang'oa kifungo cha pili cha koti lake anampa mwenzake Ritsu. Wenzangu wakasema hayo ni mapenzi. Nikawaambia wanaona mapenzi hata kwenye nguo. Kifungo ni kifungo, na wale ni marafiki tu.

Bi Tokue, mwenye duka la vitabu, akaweka chini kikombe chake. "Chizuru mwanangu, kifungo cha pili ndicho kinachokaa karibu na moyo. Hakitolewi ovyo."

"Hiyo desturi ya kumpa kifungo umpendaye ni ya wavulana," nikamjibu.

"Kwani moyo wa msichana uko wapi, mgongoni?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na keki ya mchele. Mimi sikucheka. Nilikukumbuka wewe, miaka kumi na mmoja iliyopita, langoni mwa shule, ukinipa kifungo chako cha pili huku uso umekuiva kama mwenye homa. Nami nilikushukuru, nikakuuliza kama una uzi, maana koti langu la baridi lilikuwa limepungukiwa kifungo.

Leo nimekifumua kwenye koti hilohilo, ninalolivaa bado. Jumamosi napanda treni kuja Kanazawa. Nitashuka koti likiwa wazi kifuani, kwa baridi hii, kwa hiyo usichelewe stesheni.

Ni mimi nisiyejua kusoma,
Chizuru