Kaburi Lililokausha Nyumba ya Mama Yako

Kagongwa, kwa njia ya Isaka,
19 Machi, 1937.

Mpwa wangu mpendwa Hatibu,

Marahaba kwa shikamoo uliyoifunga ndani ya barua yako. Imefika nzima, haikuvunjika njiani. Hujambo wewe, na mkeo Zuleha, na watoto wenu huko Tabora? Sisi huku wazima. Magoti yangu yanagoma kila asubuhi, lakini mdomo, alhamdulillahi, haujaugua hata siku moja. Asante kwa majani ya chai. Sukari umesahau, ila kusahau ni urithi wa ukoo wa baba yako, sikulaumu.

Sasa habari za mama yako, maana najua ndizo ulizorukia huku mimi bado nasalimia. Uliandika kwamba mvua ikizidi utakuja na treni umchukue, aiache nyumba aliyojengewa na marehemu baba yako. Tulia kwanza. Nyumba imesimama na sakafu imekauka.

Mwezi uliopita haikuwa hivyo. Maji yaliingia kwake kwa mlango wa nyuma yakakataa kuondoka, kama mgeni aliyeonja pilau. Kuta zikaanza kulainika chini. Mimi nikakuandikia kwamba kosa ni la ng'ombe wa Bujiku, jirani yetu Msukuma, kwamba wamechimba njia kwa kwato zao na kutuletea maji. Futa maneno hayo. Ng'ombe wale hawana hatia. Mwenye kosa ni mimi niliyewashitaki.

Ukweli ni huu. Nilitamani wali. Nikalima majaruba matatu ya mpunga pale bondeni nyuma ya nyumba zetu, na tuta la mwisho nikalipitisha palepale maji ya mtaa yanapotokea kwenda mbugani. Nikajisifu kwamba nimepata maji ya bure. Kumbe nimeweka kizibo. Mpunga ukanenepa, na dada yangu akawa anaishi ndani ya jaruba la nne.

Aliyeona ni Bujiku. Alipita kumsalimia mama yako, akakuta kitanda kimepandishwa juu ya mawe. Akayafuata maji mpaka kwenye tuta langu. Kesho yake asubuhi nipo barazani nakunywa uji, namwona anakuja amejipaka majivu usoni, nyuma yake vijana wa kundi lake la kulima, majembe begani, wanalia kilio cha msiba.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Wewe," akasema. "Hawajakuambia?"

"Mbona nakunywa uji?"

"Uchoyo tu. Hata maiti yako haitaki kuacha bakuli. Haya, sisi watani wako tumekuja kukuchimbia kaburi."

Unajua utani wetu sisi Wazaramo na watu hawa, tangu safari za mizigo za babu zetu. Mtani akija kuchimba kaburi humzuii, na ukikasirika utachekwa mpaka ufe kweli. Wakaanzia mlangoni kwa mama yako, wakateremka na mfereji moja kwa moja hadi kwenye tuta langu.

"Bujiku, kaburi gani hilo linapita katikati ya mpunga wenye mimba?"

"Wewe mrefu, baba. Ulitaka tukukunje?"

Tuta likakatwa. Maji yakatoka kwa kelele kwenda mbugani, na nusu ya mpunga wangu ikayafuata. Alasiri ndani kwa mama yako kulikuwa kumebaki tope tupu, na siku ya nne tukaisiriba sakafu upya. Nikatoa mbuzi wa matanga yangu mwenyewe, nikamla pamoja nao. Amini usiamini, marehemu ndiye aliyekula zaidi.

Limi, mke wa Bujiku, akaniletea kapu la mtama la kunifariji. Nikamwambia hicho ni chakula cha ndege. Akanijibu nianze kujifunza kuruka. "Wabeja," nikamwambia kwa lugha yao, asante, na hapo sikuwa natania. Wangeweza kunishitaki kwa mtemi nikaaibika mbele ya watu. Badala yake wamenizika kwa heshima.

Jambo moja limenikaa moyoni. Nilimwuliza mama yako kwa nini hakuniambia kwamba tuta langu ndilo linalomtosa, na alikuwa analiona kila akifungua mlango. Akasema, "Ningekuambia ungelibomoa. Halafu mwaka huu ungekula nini?"

Wiki tatu, Hatibu, mama yako amelala juu ya maji kwa ajili ya wali wangu. Nimetania watu miaka sitini. Kwa neno hilo nilichukua jembe nikaenda kuutazama mfereji.

Kwa hiyo usije kumchukua. Njoo kumtazama. Kila baada ya mvua mfereji nauzibua mimi mwenyewe, kwa jembe langu, na Bujiku akipita ananiuliza, "Marehemu, kaburi linaendeleaje?" Namjibu kwamba linapitisha maji vizuri.

Mama yako Mwahija anakusalimu sana. Bujiku na Limi pia, ingawa bado wanakumbuka maziwa uliyokuwa ukiwaibia. Mpe Zuleha salamu zangu, na watoto uwabusu vichwani. Mungu akupe mvua ya kukutosha, na pa kuipitishia inayozidi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, niliyezikwa na bado nakula,

Zamoyoni