Somo la Mtori

Mama Neema, hamjambo nyote?

Arusha baridi inauma, Mlima Meru umejifunika mawingu. Mkufunzi wetu sisi mameneja, Mama Lyimo, namvulia kofia! Leo tulijifunza namna ya kuwaarifu wafanyakazi ambao kiwanda chetu kinawapunguza. Yeye akajifanya mfanyakazi, tukasimama, mimi nikaanza kumsomea tangazo. Akanikatiza: "Baba, huu ni msiba. Habari ya msiba unampa mtu amesimama, tena ana njaa?" Akatukalisha, akatupakulia mtori wa moto, wa ndizi na nyama. Miaka yote ya umeneja sijafundishwa hivyo.

Wasalimie watoto, nimewakumbuka mno.

Kaka yako ni mmoja wa wanaopunguzwa. Usimwambie. Jumapili mwite kwetu, upike wali na kuku. Nitamwambia mwenyewe, tumekaa, akishashiba.

Wako,
Baba Neema