Shingo ya Kaka Elia

Dada Tumaini, salamu zangu zinakuja zimevaa sweta, maana Tunduma ni baridi.

Kaka Elia aliugua homa, mama mkwe wake akaja kutoka Ndalambo kumwona. Si unajua huku mkwe anavyotakiwa kuinamisha kichwa na kupiga makofi taratibu anapomsalimu mama mkwe? Kaka akapiga makofi, kichwa kikabaki juu kama cha twiga. Mama mkwe akasusa uji. "Tangu afungue duka mpakani, ana kiburi."

Nilipomgusa shingo, ilikuwa imekakamaa. Tukakimbilia hospitali. Malaria haikuonekana. Baada ya vipimo vingine daktari akasema ni virusi vya Nile Magharibi: mbu huvitoa kwa ndege, na kwa watu wachache hufika hadi kwenye utando wa ubongo, shingo ikakakamaa. Dawa ya kuviua hakuna, ni kumtunza na kungoja. Mama mkwe akauliza mbu huyo alivukaje mpaka bila kugongewa muhuri, kisha akakesha akimwombea.

Jana kaka aliinama. Mama mkwe akafuta machozi kwa kanga, akamtazama.

"Chini kidogo, baba."

Lala kwenye chandarua, dada yangu. Nimekukumbuka.

Mdogo wako,
Atupele